Somo: Vipimo vya uso pichani havitoshi kumtambua mtuhumiwa

Nimechoka kuulizwa kama rula inaweza kuthibitisha aliyenaswa na kamera, hivyo naandika hapa mara moja.

Hatua ya 1. Dai faili halisi kutoka kwenye mashine ya kurekodia, si nakala iliyopitia WhatsApp.

Hatua ya 2. Fanyia kazi nakala, ukiandika kila unachobadilisha.

Hatua ya 3. Chunguza umbali wa kamera kabla ya kupima chochote. Ncha ya pua hutangulia masikio kwa takriban sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka puani, pua hukuzwa kuliko masikio kwa asilimia 24, ilhali kwa mita 3 tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 4, na mtu ni yule yule. Bado hujahesabu kichwa kilichoinama wala tabasamu. Tena, mboni za macho ya mtu mzima huachana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Zikichukua pikseli 21 (nukta ndogo zinazounda picha) pichani, kila pikseli ni milimita 3, na ukikosea pikseli moja kila upande umeshapotoka milimita 6. Usithubutu kupeleka mahakamani uwiano wenye desimali tatu uliotokana na picha ya namna hiyo.

Hatua ya 4. Linganisha maumbo, yaani masikio, makovu, madoa na mikunjo, na utaje tofauti kama unavyotaja mfanano. Hii ndiyo njia inayopendekezwa na FISWG, kikundi cha wataalamu wa utambuzi wa nyuso.

Hatua ya 5. Mwenzako arudie kazi bila kuambiwa ulichopata.

Maswali

— Mkuu, programu yangu imetoa asilimia 92, si inatosha?
Asilimia 92 ya nini? Rudi hatua ya 3.

— Na picha ikiwa safi kabisa?
Swali zuri. Mwaka 2007 watafiti Kleinberg, Vanezis na Burton walijaribu kwa picha za ubora wa juu, na vipimo bado vikashindwa kutambua watu kwa uhakika.

— Mbona Bertillon, yule wa polisi aliyetambua wahalifu kwa vipimo, alifanikiwa kule Paris miaka ya 1880?
Ndugu, yeye alipima mwili wenyewe kwa kaliperi, kifaa cha kupimia chenye taya mbili: urefu na upana wa kichwa, kidole cha kati, unyayo wa kushoto. Mfupa haubadiliki kwa kusogezwa lenzi.

— Kuna namna ya kupunguza tatizo la umbali?
Ipo, ikiwa kamera haijahamishwa: omba mtuhumiwa arekodiwe kwa kamera ile ile, akisimama pale pale na kuelekeza kichwa vile vile, kisha ulinganishe maumbo katika picha hizo mbili.