Kupata umbali na muda wa kuruka kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu, anayejifunza kupanga safari za ndege, tukitafuta umbali kati ya viwanja viwili visivyo na ndege ya moja kwa moja. Mitandao ya tiketi ilimpa safari za kuunganisha tu, kwa hiyo tukapiga hesabu wenyewe.

1. Tafuta latitudo na longitudo za kila uwanja. Tumia msimbo wa uwanja wa herufi nne (ICAO), si jina la mji, kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na viwanja viwili.

2. Zigeuze ziwe desimali. Hapa usikimbie. Tuseme uwanja A uko 2°45′ Kusini, 10°00′ Mashariki, na B uko 0°15′ Kaskazini, 14°00′ Mashariki. Hizo 45 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60. Gawanya 45 kwa 60 upate 0.75, latitudo ya A ni 2.75, wala si 2.45. Kisha alama: Kusini na Magharibi huwekewa hasi. A inakuwa -2.75, B 0.25, na tofauti ni digrii 3 kamili.

Mdogo wangu aliandika 2.45 na 0.15, akasahau hasi, akapata kilomita 513. Ramani ya marubani ilisema 300. Tuliishuku kanuni ya umbali (iko hatua ya 3), tukaiandika upya mara tatu, jioni nzima ikaisha, kumbe kanuni haikuwa na kosa. Makosa yalikuwa kwenye namba tulizoiingizia, na ile 300 nayo ilikuwa maili za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo 300 ni karibu kilomita 556. Tangu siku hiyo, kila namba ninayonakili naiandikia kipimo chake pembeni, na ninakusihi ufanye hivyo.

3. Weka kwenye lahajedwali:

2 × 6371 × ASIN(SQRT(SIN(tofauti ya latitudo/2)^2 + COS(latitudo A) × COS(latitudo B) × SIN(tofauti ya longitudo/2)^2))

Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha Dunia kwa kilomita. Digrii zote zipitishe kwanza kwenye RADIANS, amri ya lahajedwali inayozigeuza ziwe radiani. Napenda lahajedwali kuliko vikokotoo vya mtandaoni, kwani kosa unaliona lilipoingilia.

Karibu na Ikweta unaweza kuhakiki kwa Pythagoras: digrii 3 za latitudo kwa 4 za longitudo zinatoa 5, na kila digrii ni maili za baharini 60. Ndiyo hiyo 300. Ukienda mbali na Ikweta njia hii inapotosha, maana mistari ya longitudo inakaribiana.

4. Gawanya kwa mwendo wa ndege. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 huenda takriban kilomita 500 kwa saa: 556 ÷ 500 ni saa 1.11, yaani saa moja na dakika 7, si dakika 11.

5. Ongeza dakika 20 hadi 30 za ndege kutembea ardhini, kupanda angani na kushuka. Jumla ni kama saa moja na nusu. Katika safari fupi hivi, jeti haiokoi muda mwingi, kwa kuwa dakika hizo haziepukiki.

6. Hesabu kwenda na kurudi mbalimbali. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiwa usoni, zile dakika 67 za angani zinafika 74. Ukisukuma kutoka nyuma, zinabaki 61.