Kuweka filamu ya zirkonia kwa leza, na kwa nini usiiamini namba ya kwenye skrini

Hapa naongelea 8YSZ, yaani zirkonia yenye moli 8 kwa mia za itria, ile seramiki inayopitisha ioni za oksijeni, na leza ni ya KrF (gesi ya kriptoni na florini), nanomita 248. Miwani vaa kabla hujawasha kitu, na uhakikishe kabati la gesi linavuta hewa maana mle ndani kuna florini, haina utani.

Hatua ya 1. Piga msasa tageti, yaani kile kidonge cha 8YSZ ambacho leza inakipiga ili mvuke wake ukatue na kuwa filamu, hata kama uliipiga jana. Leza inaiachia vijichongo vinavyoelekea mwale unakotokea, ukiviacha unaanza kupata vitone kwenye filamu na vitundu kando yake, halafu unashangaa elektroliti (ndiyo hiyo filamu yako) inapiga shoti.

Hatua ya 2. Osha kipande cha MgO (oksidi ya magnesiamu), ambacho filamu itakaa juu yake, kwa asetoni kisha isopropanoli, bandika kwenye hita kwa gundi ya fedha, iache ikauke, weka sentimita 5 hivi kutoka kwenye tageti.

Hatua ya 3, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Dirisha la chemba, ambalo mwale unapitia, linapakwa vumbi la seramiki kila unapopiga, kwa hiyo skrini ya leza inaonyesha nishati ileile lakini tageti inapata kidogo. Mimi nilihangaika wiki mbili na filamu nyembamba zisizoeleweka, kumbe dirisha! Weka kipima nishati NDANI, chemba ikiwa wazi. Ukubwa wa doa la leza kwenye tageti upate kwa kupiga pulsi moja kwenye karatasi ya risiti ya dukani, inaungua vizuri tu. Doa la milimita 3 kwa 1.5 ni sentimita mraba 0.045, ukitaka jouli 1.5 kwa sentimita mraba unahitaji milijouli 67 na nusu, sasa dirisha likila asilimia 20 umebaki na 54, yaani jouli 1.2, hiyo ni filamu nyingine kabisa.

Hatua ya 4. Vuta hewa, pasha hadi 700 °C, ingiza oksijeni paskali 2. Piga pulsi 2,000 shata (kile kifuniko kinachokinga MgO) ikiwa imefungwa, fungua, piga 10,000 kwa 10 Hz, kama dakika 17. Poza polepole, oksijeni ukiwa umeiongeza.

Hatua ya 5. Weka elektrodi mbili za platinamu juu, pima impidansi, yaani ukinzani kwa mkondo geu, kati ya 300 na 600 °C. Nishati ya kuamsha, ile ioni inayohitaji ili iruke, ikija karibu na eV 1 (elektroni-volti) uko sawa, ikija ya ajabu pima MgO tupu kwanza, huenda mkondo unapita huko.