Ukigundua Umetumia Wembe wa Mtu Mwingine

Kwanza itazame ngozi yako kwa utulivu: je, ulijikata, na wembe ule ulikuwa na damu? Kama hukujikata, huna sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya VVU, kwani virusi hivyo hudhoofika upesi nje ya mwili, wala haviambukizwi kwa taulo, sabuni au kitana. Kinachostahili kuangaliwa zaidi, ingawa wengi hawakifikirii, ni homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kudumu hata siku 7 kwenye damu iliyokauka.

Ikiwa ulijikata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha uende kituo cha afya siku hiyohiyo, maana chanjo ya homa hiyo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24, na dawa za kuzuia VVU, endapo mhudumu ataona zinahitajika, sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mweleze yote bila haya.

Ukishakamilisha vipimo ulivyoelekezwa na majibu yakawa mazuri, usiendelee kupima kila wiki, kwa kuwa kurudia huko huzidisha wasiwasi. Hofu isipotulia, rudi ukamweleze mhudumu, kwani nayo hutibiwa.