Kabla hujapasha moto gesi au kimiminika: mambo ya kuzingatia

Kabla hujawasha moto chini ya chombo chochote, jiulize kwanza: kilichomo kikitanuka, kitapita wapi? Wengi huanza kwa kufikiria ukali wa moto na muda wa kupasha. Hayo nayo yana umuhimu wake, lakini ajali mbaya kabisa hutokea pale kitu kinapotaka kutoka kikakosa njia.

Basi angalia kama chombo kimefungwa, kisha ujue ndani mna nini hasa. Hewa peke yake ikipashwa mahali palipofungwa, presha hupanda kwa kiasi kinachohesabika. Usihesabu kwa nyuzi za Selsiasi zilivyo. Ziongezee 273 upate Kelvini, kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kutoka baridi ya mwisho kabisa. Hewa ikitoka nyuzi 27 hadi 127, imetoka Kelvini 300 hadi 400, kwa hiyo presha imeongezeka kwa theluthi moja. Aina ya gesi haibadilishi sana hesabu hiyo. Mwaka 1802 Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba gesi mbalimbali hutanuka kwa uwiano uleule, jambo ambalo Jacques Charles alikuwa ameliona miaka kama 15 nyuma bila kulichapisha.

Mambo hubadilika kabisa mnapokuwa na kimiminika humo ndani, hata kikiwa kidogo. Hapa naomba usome polepole. Joto linapopanda, kimiminika huzidi kugeuka mvuke, na mvuke huo hujiongeza juu ya presha iliyokuwepo. Maji yakiwa kwenye nyuzi 100, mvuke wake una presha sawa na ya hewa inayotuzunguka usawa wa bahari. Yakifika 120, presha hiyo inakuwa karibu mara mbili. Yakifika 180, karibu mara kumi! Hewa peke yake kwa safari hiyohiyo ya kutoka 100 hadi 180 ingeongezeka kwa kama moja ya tano tu. Kwa hiyo kopo lililofungwa na kubakiwa na maji kidogo chini ni la hatari kuliko linavyoonekana. Makopo ya dawa za kupuliza nayo huwa na kimiminika ndani, ndiyo maana huandikwa yasipate joto la kuzidi nyuzi 50 na yasichomwe hata yakiisha.

Usijaze hadi mdomoni. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 100 hutanuka kwa kama asilimia 4. Lita 50 za petroli huongezeka karibu lita nzima joto likipanda nyuzi 20 tu. Kimiminika hakikubali kubanwa, hivyo kisipoachiwa nafasi kitapasua chombo. Mitungi ya gesi ya kupikia hujazwa kama asilimia 80 tu kwa sababu hiyohiyo.

Kama unatumia sufuria la presha, likague kabla ya kuliweka jikoni. Inua kizito cha vali, elekeza mfuniko kwenye mwanga na uchungulie tundu: usipoona mwanga upande wa pili, tundu limeziba, na sufuria hilo lisiguse moto hadi lizibuliwe. Pitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko utafute mpasuko au sehemu iliyokauka. Usizidishe theluthi mbili za ujazo, na kwa vyakula vinavyotoa povu ishia nusu. Denis Papin, aliyelionyesha sufuria la aina hii London mwaka 1679, ndiye pia aliyelitilia vali ya usalama. Vali hiyo haijawahi kuwa pambo.

Rejeta ya gari ni ndugu wa sufuria hilo. Maji yake yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa. Ukifungua mfuniko injini ikiwa moto, presha inashuka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji huweza kutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Zima injini, isubiri ipoe, kisha bana kwa mkono bomba la juu. Likiwa bado gumu, usiguse mfuniko.

Hata chombo kilicho wazi kina mtego wake. Maji yaliyopashwa kwenye maikrowevu ndani ya kikombe laini na safi yanaweza kuzidi nyuzi 100 yakiwa yametulia kimya, bila povu hata moja. Ukitia kijiko au unga, hulipuka usoni. Weka kijiti cha mbao ndani kabla ya kuwasha, na uyaache kidogo kabla ya kuyatoa.

Vimiminika vinavyowaka ni suala jingine. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye kama nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye moto ulio mbali. Usipashe petroli kamwe. Na pipa lake lililokwisha kumiminwa usilichomelee wala kulikata kwa moto: ndani limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, mchanganyiko unaolipuka.

Ukipasha mafuta, weka mfuniko wa kutosha karibu kabla ya kuwasha. Mafuta yakishika moto, funika na uzime jiko. Maji yakimwagwa humo huzama, hugeuka mvuke mara moja, na kurusha mafuta yanayowaka juu.

Mwisho, panga pia namna ya kupoza. Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji machache, na nafasi iliyobaki huwa karibu tupu, ndipo hewa ya nje inapokandamiza chombo. Tangi lililosafishwa kwa mvuke kisha likafungwa lingali moto huweza kukunjamana lote. Acha tundu lake la hewa wazi hadi lifikie joto la kawaida, ndipo ufunge.