Usinunue pampu ya petroli kabla ya kuipima moduli yake

Gari linazima likishapata moto, unalipumzisha nusu saa, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Gereji nyingi za Tanga zitakwambia pampu imechoka, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuna magari ambayo pampu yake haiwashwi na relei (swichi ya umeme) peke yake. Kati ya kompyuta ya injini na pampu kuna moduli inayoongeza na kupunguza kasi ya pampu kadiri injini inavyohitaji mafuta. Moduli ikichoka dalili huwa zilezile: gari kukataa kuwaka, kukosa nguvu mlimani, kumisi ukikanyaga. Pampu mpya haitatibu chochote hapo.

Moduli huukata umeme wa betri kwa mapigo ya haraka sana, na kazi hiyo huzalisha joto. Ndiyo maana mgongo wake huwa wa aluminiamu. Aluminiamu ikigusana na chuma cha chesisi, pakawa na unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa. Pickup za Ford F-150 za 2004 hadi 2008 zinajulikana kwa ugonjwa huu: moduli yao imefungwa kwenye fremu juu ya tairi la akiba, bamba linatoboka na maji yanaingia ndani. Gari linalolala Raskazone au linalopita kila wiki barabara ya Pangani linaishi kwenye upepo wa chumvi wa bahari, kwa hiyo anza kwa kutazama. Kwenye magari mengi ya Kijapani moduli iko ndani, nyuma ya pambo la buti au pembeni mwa siti ya nyuma, na huko adui ni maji yanayovuja kwenye mpira wa buti.

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu (namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi) ikitoa P0230, P0627 au P025A, tatizo liko kwenye umeme wa pampu. P0087 inasema tu kwamba presha ni ndogo; hata filta iliyoziba huileta. Kodi yoyote kati ya hizo haitoshi kukufanya utoe pesa.

Hakikisha kwanza tangi lina mafuta (geji hudanganya), fyuzi ni nzima na betri ina volti 12.4 au zaidi. Funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Injini nyingi zinazopuliza petroli kwenye manifoldi hutaka takriban bar 3 hadi 4. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kitabu chake. Fungua swichi bila kupiga stata: kwenye magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi kisha hunyamaza.

Presha ikiwa ndogo, nenda kwenye plagi ya moduli, na hapa ndipo wengi hupotea. Mita peke yake haitoshi. Waya uliooza ndani, ukibaki na nyuzi mbili tu, bado utaonyesha volti 12 kwa sababu mita haivuti umeme. Chomoa plagi, chukua balbu ya taa kubwa ya wati 55, iunge kati ya waya wa moto (chanya) na waya wa ethi (hasi) wa plagi hiyo, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa. Ikiwaka kwa nguvu, njia ya umeme ni nzima. Ikififia, tafuta kutu kwenye ethi, relei au viungo, na uiache moduli ilivyo. Baada ya kurudisha plagi, pima kati ya ethi ya moduli na hasi ya betri pampu ikifanya kazi. Zaidi ya volti 0.2 ni ethi mbaya.

Kisha pima umeme unaofika kwenye pampu. Weka ncha za mita kwenye nyaya zote mbili za pampu, usitumie bodi kama ethi, kwa sababu moduli za Nissan kadhaa hudhibiti upande wa hasi. Ukiona volti 7 au 9 injini ikiunguruma bila kukanyagwa, usishtuke: mita inasoma wastani wa mapigo. Kanyaga mafuta, volti zipande. Zisipopanda, pima waya wa amri kutoka kwenye kompyuta kwa mita yenye kipimo cha asilimia (duty cycle, yaani sehemu ya muda ambayo pigo linawaka). Amri ikibadilika lakini moduli haijibu, moduli imekufa. Amri isipokuwepo, kosa liko kwenye kompyuta au waya wake.

Jaribio la mwisho ni kuipa pampu umeme wa betri moja kwa moja, kupitia fyuzi ya ampea 15, kwa sekunde chache; presha ikipanda, pampu ni nzima. Unganisha mbali na tangi, maana cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Usiiache pampu hivyo ili mteja afike nyumbani: gari likigongwa, hakuna kitakachoizima.

Kabla ya kufunga moduli mpya, pima ampea za pampu kwa klampu mita ya DC (mita inayobana waya bila kuukata). Pampu nyingi za magari madogo hula ampea 4 hadi 8. Ikipita 10 kwa presha ya kawaida, au filta ikiwa imeziba, hiyo ndiyo iliyoiunguza moduli, nayo itaiunguza mpya.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo: toa hasi ya betri, chomoa plagi, legeza bolti mbili au tatu. Ukinunua ya mtumba linganisha namba yote. Za Toyota huanza na 89570, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari. Baadhi ya moduli za GM lazima ziprogramiwe kwanza. Kama inakaa kwenye fremu, sugua kutu, paka rangi, na weka vipande vya kuinyanyua isiguse chuma. Paka grisi ya silikoni kwenye mpira wa plagi. Ile tabia ya kupuliza oili chafu chini ya gari isifike hapo, inalainisha mpira.

Futa kodi, kagua uvujaji, endesha mpaka Pongwe, nje kidogo ya mji, na kurudi ukiwa umewasha AC, kisha pima tena ampea gari likiwa bado la moto.