Kisa Kiishie Ndani ya Wimbo: Mwanamuziki Ajitangaze Vipi Mitandaoni

Bango lenye picha yako, jina la wimbo na maneno "unakuja hivi karibuni" halimpi mtu sababu ya kusikiliza. Asiyekujua halimhusu, na shabiki wako alikuwa anasubiri tangu zamani. Kisa ni kitu kingine: kinamwachia mtu swali ambalo jibu lake liko kwenye wimbo. Wengi hukosea hapohapo. Husimulia mpaka mwisho, kisha wakasema "haya, sikilizeni wimbo wangu." Kisa kimeshaisha, wimbo wa nini tena?

Usianze na historia ya maisha yako. Tafuta mstari. Soma mashairi yako polepole, uweke alama kwenye mstari mmoja wenye mambo nyuma yake: uliobadilishwa dakika za mwisho, uliokushinda kuimba, ulioandikwa kwa hasira. Halafu jibu maswali matatu, kila moja kwa sentensi moja: nilitaka nini, nini kilinikwamisha, nini kikabadilika? Jibu la tatu usilitamke. Liache lisikike.

Tuseme kwenye kiitikio sauti ilikatika ulipofika neno "rudi", ukarudia mara 11, na mwishowe ikabaki ile ya kwanza yenye kasoro. Video ya sekunde 30 itakaa hivi. Sekunde 3 za mwanzo ni uso wako kwa karibu na sentensi moja: "Hapa sauti ilinikatikia, na tumeiacha hivyohivyo." Salamu ya nini, na jina lako lipo kwenye akaunti? Mpaka sekunde ya 12 unaeleza kwamba ulirudia mara 11, kila mara ikitoka safi lakini imepoa. Kisha sekunde 3 za kimya, na klipu ya simu ukiwa studio na hedifoni kichwani. Kuanzia ya 15 ni kiitikio chenyewe, na neno lile liangukie kwenye sekunde ya 20 hivi. Usiongee juu yake. Mtazamaji ametega sikio kuliko kawaida kwa sababu anausubiri ufa ule.

Piga video wima, 9:16, yaani pikseli 1080 kwa 1920. Weka maandishi ya maneno unayosema, maana wengi hutazama simu ikiwa kimya, na yakae katikati: chini hufunikwa na kapsheni (maelezo ya posti), kulia na vitufe. Usirekodi wimbo kutoka kwenye spika kwa maiki ya simu. Besi hupotea na mwangwi wa chumba huingia. Tumia faili ya studio. Biti inapopita chini ya maneno yako, ishushe mpaka maneno yasikike vizuri kwenye spika ndogo ya simu, na ujaribie hapo, si kwenye hedifoni. Wimbo ukishatoka, chagua sauti yake rasmi ndani ya mtandao unaotumia, ili anayetaka kuitumia kwenye video yake afike kwenye wimbo wenyewe.

Shida kubwa huwa ni ushahidi wa kisa chenyewe. Demo uliyojirekodia kwenye simu, karatasi yenye maneno yaliyokatwakatwa, biti ya kwanza iliyokataliwa: wasanii hufuta vitu hivi kila siku. Fungua folda moja kwa kila wimbo, na studio uache simu kwenye stendi irekodi hata dakika 10. Ukilazimika kuigiza tukio upya, sema wazi kwamba unaigiza. Na kama kisa kinamgusa mtu mwingine, hasa mpenzi wa zamani, mwombe ruhusa au ondoa kila kitakachomtambulisha.

Anza wiki 3 kabla ya kuachia wimbo, video 2 kwa wiki, kila moja na mstari wake. Kisa hichohicho kiandike kwa ufupi unapopendekeza wimbo kwa wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify kupitia Spotify for Artists, huduma yao ya wasanii, angalau siku 7 kabla haujatoka. Wimbo ukishatoka usinyamaze, maana sasa watu wanaweza kuusikiliza wote. Chukua swali kutoka kwenye maoni ulijibu kwa video, na ile iliyofanya vizuri zaidi ibandike juu ya ukurasa wako.

Wingi wa "like" usikupumbaze, tazama grafu ya muda ambao watu hubaki wakitazama video. Ikiporomoka kabla ya sekunde ya 3, badilisha sentensi ya kwanza. Ikiporomoka pale wimbo unapoingia, umesimulia mpaka mwisho: kata sentensi yako ya mwisho, uposti upya.