Balbu ya taa za mbele: soma namba, pima soketi, ndipo ununue

Kila nyumba ya taa imeundwa kwa balbu ya namba moja tu. Kioo na kiakisi chake vimepangwa kupokea mwanga kutoka pale hasa uzi wa balbu hiyo unapokaa, na uzi ukisogea milimita chache, mwanga hutawanyika ukampiga machoni dereva anayekuja. Kwa hiyo anza na namba. Habari ya wati na rangi ije baadaye.

Hatua ya 1: Itoe balbu ya zamani uisome

Zima taa, subiri zipoe, kisha chomoa soketi, vua kifuniko cha raba na ufungue klipu ya waya. Namba imechapwa kwenye pete ya chuma au kitako cha plastiki, kwa mfano "H4 12V 60/55W". Ikiwa imefutika, tazama umbo:

- H4: pini tatu na nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wa fulu (mwanga wa mbali) wati 60 na wa dimu (mwanga wa karibu) wati 55. Ndiyo ya Probox, Vitz na Hiace nyingi za matatu.
- H7: pini mbili bapa, kitako cha chuma, uzi mmoja, wati 55. Iko sana kwenye magari ya Ulaya.
- H11: kitako cha plastiki kilichopinda kama kiwiko, chenye pete ya raba, wati 55.
- HB3 na HB4: nazo zina kiwiko, ya kwanza ni wati 60 na kwa kawaida ni ya fulu, ya pili ni wati 51 na ni ya dimu.
- H1 ina pini moja. H3 ina mkia wa waya, na mara nyingi utaikuta kwenye taa za ukungu.

H8 (wati 35), H9 (wati 65) na H11 hufanana kama mapacha. Zinatofautishwa na meno madogo ya kitako, na kuna mafundi wanaoyakata kwa kisu ili H9 iingie mahali pa H11. Usikubali. Ncha ya kioo cha H11 imepakwa rangi nyeusi ili kuzuia mwanga unaoruka ovyo. H9 haina rangi hiyo, kwa sababu ni ya fulu.

Pikipiki nyingine hutumia HS1, ambayo kwa macho ni H4 kabisa lakini ni wati 35/35. Ukiiwekea H4 unaulemea umeme wa pikipiki.

Ukikuta D2 au D4, hiyo ni taa ya gesi, na inapowaka hurushiwa umeme unaozidi volti 20,000. Usiiguse taa ikiwa imewashwa. D2 na D4 hazibadilishani, kwa kuwa D2 hufanya kazi kwa volti 85 na D4 kwa volti 42. Herufi S ikifuata namba hiyo (kama D2S) ni ya taa yenye lenzi ya mviringo kama jicho, R ni ya taa yenye kiakisi, na R ina mistari myeusi kwenye kioo.

Hatua ya 2: Hakikisha volti

Gari dogo ni volti 12, lori na basi kubwa ni volti 24. Balbu ya 24 kwenye gari la 12 itawaka nyekundu na kufifia; ya 12 kwenye lori hukatika papo hapo.

Hatua ya 3: Pima soketi kabla ya kuilaumu balbu

Huku pwani ya Kenya hii ndiyo hatua kuu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Hewa ya chumvi huingia kwenye soketi, shaba ikashika kutu ya kijani, na umeme ukapungua njiani. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mwenye gari huona taa hafifu, hununua balbu ya wati 100, na hiyo huvuta zaidi ya ampia 8 badala ya 4 na nusu. Nyaya hupata moto, plastiki ya soketi inayeyuka, na mwanga unabaki ule ule.

Washa injini na taa, balbu ikiwa imechomekwa. Pima betri kwanza: iwe kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikifika 15, rekebisha oltaneta (mashine inayochaji betri), la sivyo kila balbu utakayoweka itakufa mapema. Kisha ingiza ncha za mita ya umeme nyuma ya soketi, moja kwenye pini ya uzi unaowaka, nyingine kwenye pini ya pamoja (ile inayotumiwa na nyuzi zote mbili). Volti za hapo zisipungue zile za betri kwa zaidi ya nusu volti.

Kwenye Toyota nyingi pini ya pamoja ndiyo yenye moto, na swichi hukata upande wa athi (waya unaorudi kwenye bodi). Ukipima kwa kushika bodi utadanganyika, kwa hiyo pima pini kwa pini.

Volti zikiwa pungufu, safisha pini kwa msasa laini, fungua boliti ya athi iliyo karibu na taa, ikwangue hadi chuma king'ae, ikaze tena na upake grisi. Soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia haifai kusafishwa. Badilisha soketi nzima.

Hatua ya 4: Dukani

Peleka balbu ya zamani mkononi. Tafuta herufi E ndani ya duara iliyochapwa kwenye kitako, kisha uiinue balbu kwenye mwanga: uzi uwe umenyooka na kitako kisitikisike. Nunua mbili, maana ya upande wa pili imezeeka sawa na iliyokatika.

Balbu iliyopakwa buluu huonekana ya kisasa, lakini ile rangi huzuia sehemu ya mwanga. Zenye maandishi ya kuongeza mwanga kwa asilimia 100 au zaidi huwaka vizuri kweli, ila uzi wake huwaka kwa joto kali zaidi na maisha yake ni mafupi. Kwa barabara yenye mashimo, ya kawaida ndiyo chaguo letu.

LED ya kuchomeka kwenye taa ya halojeni (iliyoundwa kwa balbu ya uzi) hatuipendekezi. Vipande vyake haviketi pale uzi ulipokuwa, na mwanga wake hupanda juu ya mstari wa dimu. Kwenye barabara ya Gede usiku, mwendesha baiskeli unayekutana naye haoni tena ukingo wa lami.

Hatua ya 5: Kuweka

Usiguse kioo. Jasho na mafuta ya kidole huungua pale, kioo hupata doa la joto na balbu hupasuka. Ukigusa, futa kwa spiriti. Kitako cha H4 kina masikio matatu, na moja ni pana kuliko mengine. Likitoshea pahali pake, balbu imekaa sawa. Funga klipu, kisha rudisha kifuniko cha raba kikaze pande zote. Kikibaki wazi, unyevu wa chumvi utaingia na kiakisi kitafifia, na kiakisi kilichofifia hakitibiki kwa balbu yoyote.

Hatua ya 6: Lenga ukutani

Weka gari kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa magurudumu ukiwa sawa. Weka alama ukutani kwa urefu wa kitovu cha taa. Washa dimu: ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 5 chini ya alama, na upande wa kushoto uinuke kidogo, kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto. Ukipanda upande wa kulia, taa hiyo ilitengenezewa nchi zinazoendesha kulia, na hakuna skrubu ya kuitengeneza.

Gari likibeba mzigo nyuma, pua huinuka na taa nazo. Kama dashibodi ina kidude chenye 0 hadi 3 au 4, kizungushe kwenda namba ya juu kabla ya kuondoka, na ukirudishe 0 mzigo ukishashushwa.